Kila Msiba Niliondoka na Saa

Nina miaka arobaini na tatu. Nina mke, watoto watatu, na duka la spea za pikipiki hapa Singida mjini. Pombe sinywi, kamari sichezi, na mwanamke wa nje sina. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua wasomaji wenzangu, mtaanza kuitafuta dhambi yangu kule kule mlikozoea kuzitafuta za wengine. Msihangaike... Mimi kilichoniponza ni saa!

Tena si saa za dhahabu. Ni saa za mkononi za zamani, zile walizokuwa wakivaa marubani. Kama hujawahi kuiona, ni saa kubwa yenye uso mweusi na namba nyeupe, na ndani ya uso huo mna visaa vingine vidogo viwili au vitatu. Ubavuni ina vitufe. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba unaanza kukimbia, rubani anajua amekaa angani muda gani na mafuta yamebaki kiasi gani. Ukibonyeza cha chini, mshale unarudi mwanzo. Haina betri, unaitia ufunguo kila asubuhi.

Ya kwanza niliipata Shelui, nilikokuwa nimepeleka mzigo wa matairi. Dereva mmoja wa lori alikuwa anaitembeza mezani kwa mama ntilie na hakuna aliyeitaka. Nikaishika, nikabonyeza kitufe, mshale ukaondoka... Jamani, mtu mzima mimi nilisahau hata wali wangu mezani!

Mke wangu, Rehema, alinicheka sana. Alisema heri nioe mke wa pili, maana huyo angalau angemsaidia kufua. Nikanunua nyingine Dodoma, nyingine akaniletea kondakta wa basi kutoka Arusha. Nikajiunga na kundi la kwenye simu la watu wenye ugonjwa kama wangu, wa Nairobi, wa Dar, hadi Wazungu. Siuzi. Nazitia ufunguo, nazifuta, nazitazama. Basi. Sasa nenda kamweleze mtu kwamba unanunua saa ambazo huuzi na wala huvai, uone atakavyokutazama.

Siku moja mtu wa kundi letu aliweka picha ya saa nyeusi, akasema saa kama hizo zilivaliwa na marubani wa ndege za kupulizia dawa mashambani, huku huku kwetu, zamani. Nilipoiona ile picha nilisimama. Saa hiyo nilikuwa nimeiona utotoni, kanisani, kwenye mkono wa mzee!

Mimi ni mtu wa Sepuka. Wazee wetu walipokuwa vijana waliajiriwa kusimama na bendera kwenye mashamba ya mtama na uwele wakati ndege za dawa zilipokuja kuua kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaomaliza nafaka shambani. Wao wanapeperusha bendera, rubani anajua apite wapi. Marubani walipomaliza mikataba yao, baadhi waliwavulia saa vijana wao na kuwaachia kama zawadi. Wazee hao walikuwa wamebaki wanne, na mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipojipalia makaa. Kwetu mzee havuliwi kitu alichozoea kukivaa. Ni aibu, ni kama umemwambia kazi yako duniani imekwisha. Kwa hiyo mimi, kijana mwenye adabu zake, nilimwendea kila mzee nikamwambia: shikamoo baba, saa hii naipenda, nakulipa bei yake leo, lakini endelea kuivaa. Siku Mungu akikuita, ndipo nitakuja kuichukua.

Wazee walifurahi mno. Walisema mama yangu amelea. Ila wote waliniomba jambo moja, kwamba watoto wao wasijue. Walijua kwamba watoto wakisikia wangedai mgawo wa kile nilichotoa. Nikakubali. Siri ikabaki kwangu, kwa mzee mwenyewe, na kwa mama yangu aliyekuwa akiishi pale Sepuka peke yake tangu baba afariki. Hata Yohana hakujua. Yohana ni mtoto wa baba mdogo, tumekua pamoja, na ndiye aliyenibeba kwenye bodaboda yake nyumba hadi nyumba. Nilikuwa namwambia nakwenda kusalimia wazee. Akawa ananisubiri nje chini ya ukuta, akichezea simu.

Haukupita muda mrefu mzee wa kwanza akafariki. Nilikwenda kuzika kama inavyotakiwa, nikakaa hadi siku ya kumaliza matanga, na mjane wake aliyekuwa ameachiwa wosia akanitia saa mfukoni taratibu nyuma ya nyumba. Kiangazi hicho hicho akafuata wa pili. Nikazika, nikakaa, nikaondoka na saa. Wazee waliopita miaka themanini, jamani! Walitaka wafe lini?

Lakini macho ya watu hayana pazia. Dalili ya kwanza ilikuja kama utani. Kijana mmoja pale kijiweni aliniambia, kaka Elia, siku ukimtembelea babu yangu nitakufukuza na fimbo. Wakacheka wote, nami nikacheka. Safari iliyofuata nikamkuta mzee mmoja njiani, mtu tuliyezoeana. Nikamwamkia. Hakuitikia! Aliificha mikono yake ndani ya koti, akakata shauri kupita kwenye alizeti za watu ili asipishane nami.

Nilimuuliza Yohana kulikoni. Alisitasita, kisha akaniambia wanayoyasema. Walisema ule mshale wa saa si mshale wa saa. Eti ninapokwenda kwa mzee nabonyeza kitufe cha juu, siku zake zinaanza kukimbia. Akiisha kufa nakuja kubonyeza cha chini, na siku zote alizokuwa amebakiza zinarudi kwangu. Na ushahidi? Duka langu, ambalo mwaka ule nilikuwa nimelipanua...

Nilicheka hadi machozi. Nikamwambia Yohana watu wa Sepuka wana akili za kwelea kwelea. Yeye hakucheka.

Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Baba mdogo akaanza kuumwa. Mama yangu ndiye aliyemuuguza shemeji yake, maana mkewe alikwishatangulia na Yohana alishinda barabarani akitafuta riziki. Alimpikia uji, alimgeuza kitandani, alimfulia. Siku moja mchana baba mdogo akaivua ile saa kwa mkono wake mwenyewe, akampa mama, akamwambia amtunzie Elia. Alihofia akifa wataigombea. Mama akaifunga kwenye pindo la khanga, hakuona ubaya.

Baba mdogo akafa. Kwetu siku ya kumaliza matanga mrithi anakalishwa mbele ya ukoo na kuvishwa vitu vya marehemu, koti lake, kofia yake, anashikishwa fimbo yake. Mrithi alikuwa Yohana. Koti likaletwa, fimbo ikaletwa. Wazee wakauliza, saa iko wapi? Kila mtu alijua marehemu alikuwa na saa. Watu wakatafuta ndani, wakageuza godoro. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikitafuta namna ya kusema.

Mama akanitangulia. Alisimama akafungua pindo la khanga mbele ya watu wote, akasema saa hii hapa, marehemu alinipa nimtunzie mwanangu, akaniwekea kiganjani.

Wasomaji wenzangu, waliokuwa wamekaa karibu na mama walisogea mmoja mmoja.

Kesho yake tuliitwa ofisi ya kijiji. Nikaeleza yote, mapatano yangu na wazee, mmoja mmoja. Mwenyekiti aliuliza nani alishuhudia. Nani? Neno la mama hawakulihesabu, mzee mmoja aliyebaki hai aliwaogopa wanawe akakataa kuja, na mashahidi wangu wengine walikuwa makaburini! Mjane wa mzee wa kwanza alipoulizwa alitazama chini, wanawe wamemzunguka, akasema hakumbuki. Ndipo mwenyekiti akamgeukia Yohana, akamuuliza kama baba yake aliwahi kumwambia kwamba ile saa alishaiuza.

Yohana alinitazama usoni. Kisha akasema, "Baba hakuniambia kitu."

Sikumlaumu. Nilijua hajui, mimi mwenyewe ndiye niliyemficha. Nikamnyooshea ile saa aichukue yaishe, naye akarudi nyuma akisema haitaki tena. Tukatoka pale maneno hayajaisha, na saa bado iko mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo wakamgeukia mama. Mimi niko mjini, nina gari la kukodi na geti la chuma. Mama ana nini? Ana nyumba ya matofali mabichi, kuku wachache, na macho mekundu ya miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni. Wakaanza kusema mwana anakusanya lakini mama ndiye anayechagua. Wakasema hakumuuguza shemeji yake, alikuwa akimhesabia.

Wanawake aliokwenda nao kisimani wakawa wanatoka bila kumpitia. Watoto waliokuwa wakija kula maembe yaliyokaushwa wakakatazwa. Zamu yake ya kupika chai ya kina mama wa kanisani ilipofika, aliamka akapika sufuria nzima, akaibeba kichwani. Hakuna aliyekunywa. Mmoja alisema amefunga, mwingine tumbo, mwingine ameshakunywa nyumbani. Mama alirudi na sufuria imejaa, akaimwaga mwenyewe kwenye migomba. Haya alinisimulia baadaye, tena kwa Kinyaturu, lugha aliyoitumia na mimi jambo likimuuma.

Nilimfuata na gari nimlete mjini. Rehema alikwishamtandikia chumba. Nilimbembeleza, nikagomba, nikapiga hata meza. Mama alikuwa anachambua dengu kwenye ungo, akazichambua hadi nikanyamaza. Kisha akasema, "Nikiondoka nitakuwa nimekubali."

Nikarudi mjini na gari tupu. Na mnajua nilifanya nini jioni ile nilipofika? Nilizipanga saa zangu mezani, nikaitia ufunguo ya baba mdogo... Ilikuwa nzuri kuliko zote. Mungu anisamehe.

Alikuwa amebaki mzee mmoja, Mzee Ntandu, naye alikuwa na saa ambayo wenzangu wa kundi waliniambia hawajapata kuiona isipokuwa vitabuni. Mama alinipigia simu kwamba mzee ameanguka na hasemi. Akaniomba, akifariki njoo uzike kwa sababu usipokuja watasema umekimbia. Lakini ile saa, Elia, usiiguse. Nikamwapia kwa jina la baba yangu kwamba sitaigusa.

Mzee Ntandu akafariki. Nikaenda. Nilikaa na wanaume kwenye mkeka na nafasi ikabaki wazi kila upande wangu, kana kwamba nimetapika. Yohana alikaa upande wa pili, akanipa mgongo. Tulizika salama. Nilikuja tena siku ya kumaliza matanga, nikajiambia nitakula ugali wa watu, nitaaga, nitampitia mama na kurudi zangu.

Mzee Ntandu alikuwa na binti anayefanya kazi ya ualimu huko Manyoni, mwanamke mnyoofu asiyejua uvumi wa pale, au alijua akaudharau. Baba yake alikuwa amempa wosia, na yeye aliona wosia wa mzee hautimizwi nyuma ya nyumba. Basi akasimama katikati ya watu na ile saa kwenye kiganja chake, akaita jina langu. Akasema, "Baba alisema hii ni ya Elia. Njoo uichukue, kaka."

Watu wote waligeuka. Mama yangu alikuwa amekaa peke yake karibu na jiko la nje, akanitazama. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza. Alinitazama tu.

Ningeweza kusema asante dada, bakini nayo. Maneno manne! Ningeweza kusema mvisheni mjukuu wa marehemu, na pengine siku ile ile kijiji kingepumua. Nilikuwa nayo maneno hayo, yalikuwa mdomoni. Lakini niliona ule uso mweusi, na vile visaa vidogo vitatu, na mkono wangu ukanyooka...

Nikaichukua.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walianza kuinuka mmoja mmoja bila kuaga, kwanza vijana, halafu wanaume, hata chakula hakijapakuliwa. Mama naye akajikusanya akaenda zake nyumbani. Mimi nilibaki namweleza yule mwalimu historia ya saa ya baba yake. Naam, nilikuwa nampa historia! Tulikuwa bado tunaongea alipoelekeza kidole nyuma yangu, akauliza ule moshi unatoka wapi.

Nilikimbia sijui vipi. Jua lilikuwa kali, saa nane mchana, na njia nzima sikukutana na mtu. Paa la jikoni lilikuwa limeshadondoka na nyumba kubwa inaungua. Mama hakuwa ndani, alitolewa dirishani na jirani yake mmoja, mama mjane, akafichwa kwenye ghala la mahindi chini ya magunia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeungua hadi kiwikoni. Aliponiona hakunilaumu. Aliuliza kuku wametoka?

Polisi walikuja, wakachukua vijana wawili, wakawaachia. Kijiji kizima hakikuona kitu.

Mama akaja mjini, sasa bila kubembelezwa. Mkono ulipona, yeye hakupona. Alikaa kwenye kile chumba alichotandikiwa na Rehema, akawa anasema amewaachia ushindi. Chakula alikionja. Wajukuu walipomchezea alitabasamu kisha akasahau kwamba alikuwa anatabasamu. Daktari hakuona ugonjwa. Alikuwa ameniomba mara moja tu azikwe Sepuka kando ya baba, na siku alipofariki nilijua nina kazi.

Kwetu kaburi halichimbwi na mfiwa. Majirani ndio wanaochimba. Hata kama mligombania mpaka, hata kama mlipelekana baraza, siku ya msiba mtu anabeba jembe lake na kuja. Nilituma taarifa kwa mwenyekiti, kwa kanisa, kwa ukoo. Nilifika asubuhi na jeneza juu ya gari, na Rehema na watoto, na mchungaji kutoka mjini. Uwanja ulikuwa mtupu. Yule jirani mjane peke yake ndiye aliyekuwa amekuja, amekaa kwenye kifusi cha nyumba.

Nilivua koti nikaanza kuchimba. Mimi mfiwa! Dereva wa gari alinisaidia. Ardhi yetu mnaijua, ukishuka kidogo unakutana na mwamba. Jua likapanda, mikono ikatoka malengelenge, na kaburi lilikuwa halijafika hata kiunoni. Rehema alishika sururu, nikamnyang'anya, akaishika tena.

Ndipo nikamwona Yohana anakuja na jembe begani. Alisimama ukingoni. Alikuwa amekonda. Nikadhani atatoa pole.

Akasema, "Kaka, mimi nilijua. Baba aliniambia kabla hajafa. Aliniambia saa ameshakuuzia, nisije nikaidai."

Nilimuuliza kwa nini basi pale ofisini hakusema. Alijibu kwamba aliitaka ile saa. Alikuwa ameitaka tangu akiwa mtoto, akitumwa kumvisha baba yake kila Jumapili. Alidhani akinyamaza ukoo utaninyang'anya na kumpa yeye, lakini nilipomnyooshea mwenyewe mbele ya watu walioiita uchawi, aliogopa kuigusa. Hakujua kwamba ingefika huku, na ilipofika huku, aliogopa kwamba akifungua mdomo nyumba itakayofuata kuchomwa ni ya kwake.

Neno moja tu. Neno moja la huyu mtu pale ofisini, na mama yangu angekunywa chai na wenzake hadi leo! Damu ilinipanda kichwani. Nilikuwa na sururu mkononi, yeye kasimama juu yangu, hakurudi nyuma. Nadhani alikuwa anaingoja.

Lakini ningesema nini? Yeye aliitaka saa, mimi niliitaka saa. Yeye alinyamaza, mimi nilinyoosha mkono. Na mama alikuwa juani ndani ya jeneza, na mwamba ulikuwa bado.

Nikasogea pembeni. Yohana akashuka kaburini, akachimba. Tukapokezana sururu na jembe hadi tulipomshusha mama.

Zile saa nilizirudisha kwenye familia zao baadaye, nyumba hadi nyumba, mchana kweupe. Hakuna aliyezipokea mkononi. Waliniambia niziweke chini nje ya mlango na niondoke. Zilizobaki zangu ziko kabatini, sizitii ufunguo.

Ndugu zangu, sisemi msipende vitu. Penda saa, penda pikipiki, penda njiwa, ni moyo wako. Ila ukipatana jambo na mzee wa watu, hata liwe la heri, litoe mbele ya wanawe akiwa hai, aseme kwa mdomo wake, wagombane yaishe. Mimi niliiita siri yangu heshima. Marehemu hatoi ushahidi.

Na wewe mwenye mama kijijini, ukisikia watu wameanza kuikataa chai yake, nakusihi usingoje. Usimbembeleze kama nilivyombembeleza mimi. Akikwambia haondoki, mbebe. Mbebe akipiga kelele, mbebe akikulaani, mtie garini ufunge mlango. Akulaumu miaka yote iliyobaki, lakini akulaumu akiwa hai.